Suluhu ya ugenini katika hatua za awali za Ligi ya Mabingwa Afrika: ni mtaji au ni mtego?

Mkaa_Benchi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Kila zinapoanza mechi za awali za Ligi ya Mabingwa Afrika, huwa nasikia watangazaji, wachambuzi na hata makocha wenyewe wakirudia kauli moja: timu ikipata suluhu, yaani sare ya 0-0, ugenini, kazi iliyobaki ni ndogo, kwa kuwa marudiano yatachezwa nyumbani mbele ya mashabiki wake. Nami nilikuwa nikiiamini kauli hiyo bila kuihoji, mpaka hivi karibuni nilipochukua daftari na kuandika matokeo ya Simba katika hatua hizo kuanzia msimu wa 2018/19, ndipo nikakuta jambo ambalo limenitatiza.

Agosti 2019 Simba walitoka 0-0 na UD Songo mjini Beira, tukawapokea kama washindi. Marudiano ya Dar es Salaam yakaisha 1-1 na Simba wakaondoshwa bila kufungwa mchezo hata mmoja. Oktoba 2021 walikwenda Gaborone wakawafunga Jwaneng Galaxy 2-0, wakarudi nyumbani wakafungwa 3-1, safari ikaishia hapo. Sasa tazameni upande wa pili wa daftari langu. Desemba 2018 walifungwa 2-1 na Nkana mjini Kitwe, wengi wetu tukahesabu kuwa mambo yamekwisha, lakini wakashinda 3-1 nyumbani na kutinga hatua ya makundi. Septemba 2023 walitoka 2-2 na Power Dynamos mjini Ndola, kisha wakavuka kwa sare ya 1-1 pale Chamazi, Dar es Salaam, matokeo yaleyale yaliyowatoa mbele ya Songo.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, naomba mwenye kuzifahamu kanuni anieleze kwa utaratibu jinsi mshindi anavyopatikana katika hatua hizi, kwa sababu kila ninayemuuliza ananipa jibu lake, hasa kuhusu muda wa nyongeza. La pili, je, kumalizia nyumbani bado ni faida kama tunavyoambiwa, au tunakaririshana tu? Mwenzangu wa kazini anasema haya yote ni bahati, na kwamba daftari langu lina mechi chache mno za kuthibitisha chochote. Inawezekana ana haki, lakini jibu hilo halijaniridhisha.

Kanuni_Kwanza

Ndugu Mkaa_Benchi, nianze na swali la kwanza, kwa kuwa la pili linajibika kwa urahisi zaidi mtu akishalielewa la kwanza.

Hatua za awali ni mbili, na kila moja huchezwa kwa mikondo miwili, nyumbani na ugenini. Vilabu vyenye alama nyingi zaidi katika orodha ya miaka mitano ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) husamehewa hatua ya kwanza na kuanzia ya pili, ndiyo maana katika msimu wa 2023/24 Simba walianza moja kwa moja na Power Dynamos wakati Yanga walilazimika kupita kwanza kwa ASAS ya Djibouti. Washindi 16 wa hatua ya pili ndio wanaounda makundi manne.

Mshindi hutafutwa kwanza kwa jumla ya mabao ya mikondo yote miwili. Jumla ikilingana, hutazamwa ni timu ipi imefunga mabao mengi zaidi ugenini. Hayo nayo yakilingana, timu huenda moja kwa moja kwenye mikwaju ya penalti bila kucheza muda wa nyongeza. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wamezoea kutazama mashindano ya Ulaya ambako zile dakika 30 zipo, wakadhani na huku ni hivyohivyo.

Sasa tukiingia kwenye daftari lako, utaona kwamba matokeo yote manne yanaelezeka kwa kanuni hizo tatu. Dhidi ya Songo jumla ilikuwa 1-1, lakini bao la Songo lilifungwa Dar es Salaam na la Simba lilifungwa hapohapo Dar es Salaam, kwa hiyo Songo walikuwa na bao moja la ugenini na Simba hawakuwa nalo. Dhidi ya Galaxy jumla ilikuwa 3-3. Simba walikuwa na mabao mawili ya ugenini, Galaxy matatu. Dhidi ya Power Dynamos jumla ilikuwa vilevile 3-3, ila safari hii Simba ndio waliokuwa na mawili ya ugenini dhidi ya moja la wenzao. Mchezo wa Nkana ndio pekee ulioamuliwa kwa jumla ya mabao, 4-3, bila kuhitaji hesabu nyingine.

Kuhusu swali lako la pili, msingi wa jibu langu ni zile dakika 30 zisizokuwepo. Pale ambapo muda wa nyongeza unachezwa, timu inayomalizia nyumbani hupata nusu saa nzima ya ziada kwenye uwanja wake, na mashabiki wake, na nyasi inazozifahamu. Hiyo ni faida inayoonekana kwa macho. Katika hatua za awali za Afrika faida hiyo imeondolewa. Mwenyeji wa marudiano hucheza dakika 90 nyumbani sawasawa na mwenzake aliyecheza dakika 90 nyumbani wiki iliyopita. Kilichobaki kwake ni kujua matokeo anayoyahitaji kabla ya kuingia uwanjani, na kupiga penalti mbele ya watu wake ikiwa zitafika. Kujua unachohitaji, mara nyingine, ni mzigo kuliko msaada.

Ukitaka kuona mzigo huo, ifikirie suluhu ya ugenini dakika kwa dakika. Ukirudi nyumbani na 0-0, sare ya aina yoyote yenye mabao inakutoa: 1-1 inakutoa, 2-2 inakutoa. Ukifungwa bao moja tu, hata dakika ya tano, unahitaji mawili. Ukirudi na 1-1, kwa upande mwingine, suluhu inakuvusha na 1-1 nyingine inakupeleka kwenye penalti. Ukirudi na 2-2 kama walivyorudi Simba kutoka Ndola, unavuka kwa 0-0 na kwa 1-1. Tofauti kati ya sare isiyo na mabao na sare yenye mabao ni kubwa mno, ilhali watangazaji wetu wanaziita zote kwa jina moja, "matokeo mazuri ya ugenini".

Nisieleweke vibaya, suluhu bado ni bora kuliko kufungwa. Aliyefungwa 2-1 ugenini akishinda 2-1 nyumbani atakwenda kwenye penalti, wakati aliyetoka suluhu akishinda 2-1 amevuka. Ninachosema ni kwamba pengo kati ya matokeo hayo mawili ni dogo kuliko tunavyolihisi. Wote wawili wanarudi nyumbani wakiwa hawana namna ya kuvuka bila kushinda, isipokuwa mmoja anayo tiketi ya penalti ikiwa mambo yatakwenda 0-0 tena. Yule aliyefungwa analijua hilo na anajiandaa kushambulia tangu Jumatatu. Yule wa suluhu anaambiwa kazi ndogo imebaki.

Mzee_wa_Mzunguko

Kijana wangu Kanuni_Kwanza, umeeleza vizuri na nimejifunza. Mimi sina daftari, lakini ninacho kiti changu cha mzunguko, na siku ya Nkana nilikuwa nimekikalia.

Ilikuwa Desemba 23, 2018, uwanja ukiitwa bado Uwanja wa Taifa, kabla haujapewa jina la Mzee Mkapa. Nkana ndio waliotangulia kufunga. Uwanja mzima ulinyamaza, na pembeni yangu palikuwa na kijana aliyeshika karanga kwenye karatasi, akaanza kuhesabu kwa vidole: wametufunga mbili kwao, hii ya tatu, tunataka ngapi? Nikamwambia tunataka tatu ili tulale salama. Jonas Mkude akasawazisha, Meddie Kagere akaongeza la pili kabla ya mapumziko, na kuanzia hapo ikawa kama alivyosema ndugu Kanuni: ubao ulisomeka 2-1, jumla ilikuwa 3-3, kila mmoja alikuwa na bao moja la ugenini, na penalti zilikuwa zinanukia. Kipindi cha pili chote yule kijana alikuwa hatazami mpira, anatazama saa. Wachezaji wa Nkana wakaanza kuufuata mpira wa kutoka kwa hatua za mtu anayekwenda sokoni asubuhi. Zikiwa zimesalia dakika chache, Clatous Chama akauweka mpira wavuni kwa kisigino. Karanga zote za yule kijana ziliishia shingoni mwangu, na sikuona haja ya kulalamika.

Nimelisimulia hili kwa sababu nadhani mnalitazama jambo kwa upande mmoja. Mnauliza kama ni heri kuanza ugenini au kumalizia nyumbani, nami naona mpangilio huo si hoja kubwa. Hoja ni kutokufungwa nyumbani. Mwaka 2003 Simba walianza nyumbani dhidi ya Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi, wakashinda 1-0. Watu walisema bao moja halitoshi kwenda nalo Cairo. Wakafungwa 1-0 kule, zikapigwa penalti, Simba wakashinda 3-2 na kuingia makundi wakiwa wamemvua bingwa taji lake kwenye uwanja wake. Lile 1-0 lilikuwa na thamani kuliko lingekuwa 2-1, na nitawaambia kwa nini: kwa 2-1, Zamalek wangehitaji kushinda 1-0 tu na wangekuwa wamevuka bila penalti.

Tazameni pia Yanga wa Oktoba 2022. Walianza nyumbani na Al Hilal ya Sudan, wakatoka 1-1. Kutoka hapo ilikuwa lazima wafunge Omdurman, maana hata suluhu isingewasaidia. Wakafungwa 1-0. Mimi ni mtu wa Msimbazi, yaani Simba, lakini nitasema ukweli kuhusu mtani: hawakutolewa Omdurman, walitolewa Dar es Salaam siku Hilal waliposawazisha.

Kwa hiyo, mwanangu Mkaa_Benchi, suluhu nzuri ipo, ila ni ile ya nyumbani. Ukitaka mfano wa karibuni, nusu fainali ya Aprili 2025: Mamelodi Sundowns walitoka 0-0 na Al Ahly nyumbani kwao Pretoria, wengi wakawahurumia kwa safari ya Cairo. Cairo ikaisha 1-1, Ahly wakijifunga wenyewe dakika za mwisho, na Sundowns wakaenda fainali kwa bao hilo la ugenini.

Lete_Haki

Nimesoma maelezo yote na yameniongezea sababu ya kuichukia kanuni hii. Shirikisho la Ulaya liliifuta kuanzia msimu wa 2021/22 baada ya kuitumia tangu mwaka 1965. Ilitungwa wakati safari za ugenini zilikuwa ngumu na timu zilikuwa zikisafiri kwenda kujilinda tu, ikakusudiwa kuwapa moyo wageni wa kushambulia. Leo inafanya kinyume chake, kwa sababu inamtia hofu mwenyeji wa mchezo wa kwanza, anajilinda kwenye uwanja wake mwenyewe asije akafungwa. Mzee hapo juu anaisifu suluhu ya nyumbani. Shabiki aliyelipa kiingilio kutazama suluhu hiyo sijui kama naye anaisifu.

Kocha_wa_Vijana

Ndugu Lete_Haki, nakubaliana nawe nusu. Kwa Ulaya, hoja kwamba ugenini si kugumu tena inaeleweka. Kwa Afrika ningependa kwanza mtu anionyeshe kwamba ugenini kumekuwa kwepesi. Timu inaweza kuunganisha ndege mbili au tatu, ikafika ikiwa imebakiza siku moja ya mazoezi, ikacheza kwenye joto au mwinuko isiouzoea. Bao linalofungwa katika mazingira hayo, kwangu mimi, bado lina haki ya kuhesabiwa kwa uzito wake. Ningekubali kanuni ifutwe siku muda wa nyongeza utakaporudishwa, la sivyo tutakuwa tumeziachia penalti kila kitu.

Lakini nilichotaka kuchangia ni kuhusu kinachotokea uwanjani, kwa kuwa nafundisha mpira na suluhu ya ugenini nimeionja mara kadhaa kwenye mashindano ya vijana.

Timu iliyotoka suluhu ugenini inaporudi nyumbani huwa na dakika kama ishirini za utulivu. Bao lisipopatikana katika muda huo, mashabiki huanza kuguna, na mguno huo huwasukuma mabeki wa pembeni wapande wote wawili kwa pamoja. Mtazameni beki wa kulia na wa kushoto wa timu inayohitaji bao nyumbani: wote wako kwenye nusu ya mpinzani, na mabeki wa kati wawili wamebaki na uwanja mzima nyuma yao. Mgeni hahitaji kuutawala mchezo, anahitaji kuunasa mpira mmoja na kukimbia nao. Akifunga, mwenyeji anahitaji mawili, na kila dakika inayopita mabeki wanapanda zaidi. Songo walifunga kupitia Luis Miquissone katika kipindi cha kwanza, na Simba walihangaika hadi mwishoni ndipo wakapata la kusawazisha kwa penalti. Uongozi wa Simba haukumsahau kijana yule. Miezi michache baadaye alikuwa amevaa jezi nyekundu.

Mchezo wa Galaxy ni wa aina nyingine, na sidhani kama bao la ugenini ndilo la kulaumiwa pale. Simba walikuwa wanaongoza 1-0 wakati wa mapumziko, yaani 3-0 kwa jumla. Galaxy wakafunga matatu katika kipindi cha pili. Timu inayoongoza kwa 3-0 ikiwa imebakiza dakika 45 nyumbani haitolewi na kanuni, inatolewa na kichwa. Niliutazama mchezo ule kwenye runinga na nilichokiona baada ya mapumziko ni viungo waliokuwa wakirudisha pasi nyuma huku wakitembea. Bao la kwanza la Galaxy liliingia mara tu kipindi cha pili kilipoanza, na bado sura za wachezaji hazikubadilika. Walipofungwa la pili zilibadilika, lakini hofu ndiyo iliyoingia, na timu yenye hofu haiwezi kurudi kuumiliki mpira ilioutelekeza kwa hiari yake.

Kwa hiyo, Mkaa_Benchi, usiziweke mechi hizo mbili kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Moja ni ya hesabu, nyingine ni ya akili.

Jirani_wa_Kasarani

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nimeona mmeitaja Desemba 2018 kwa furaha, nami nikakumbuka kwamba wiki ileile sisi mashabiki wa Gor Mahia tulikuwa tunalia. Tuliwalaza Lobi Stars ya Nigeria 3-1 Nairobi, tukaenda kwao tukafungwa 2-0. Jumla 3-3, wao wana bao moja la ugenini, sisi hatuna. Raundi iliyotangulia tulikuwa tumewashinda Nyasa Big Bullets ya Malawi 1-0 kwetu, tukafungwa 1-0 kwao, tukavuka kwa penalti. Mkilinganisha raundi hizo mbili mtaona Mzee_wa_Mzunguko amesema kweli tupu: ushindi wa bao moja bila kufungwa ulitubeba, ushindi wa mabao matatu tukiwa tumefungwa moja ukatuangusha.

Nataka kuongeza jambo ambalo halijatajwa, nalo ni gharama ya kutolewa. Wakati ule aliyeshindwa katika hatua ya mwisho ya awali aliteremshwa kwenda kucheza mchujo wa Kombe la Shirikisho, shindano la pili la vilabu Afrika. Gor Mahia waliteremka, wakapita, wakafika robo fainali ya kombe hilo. Yanga waliotolewa na Hilal mwaka 2022 waliteremka vilevile, wakafika fainali, na ajabu ni kwamba fainali nayo waliipoteza kwa kanuni hiihii: walifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, wakashinda 1-0 Algiers, jumla 2-2, mabao mawili ya ugenini kwa moja. Mlango huo wa kuteremka ulifungwa kuanzia msimu wa 2023/24. Al Merrikh walipotolewa na Yanga msimu huo, walikwenda nyumbani moja kwa moja. Leo sare tasa ya ugenini ikigeuka kuwa 1-1 ya nyumbani, msimu wako wa kimataifa umekwisha kabla mvua za vuli hazijakolea.

Na ukiisha hivyo unaisha bila alama. Katika orodha ya CAF ya miaka mitano, alama huanza kuhesabiwa kwenye hatua ya makundi. Anayeshika mkia katika kundi la Ligi ya Mabingwa anaipatia nchi yake alama 1, wa tatu 2, robo fainali 3, nusu fainali 4, fainali 5 na bingwa 6. Kisha alama hizo huzidishwa kwa tano kwa msimu wa karibuni zaidi, kwa nne kwa uliotangulia, na kuendelea kushuka hivyo hadi moja. Hatua za awali hazina alama hata nusu. Mashirikisho 12 ya juu ndiyo yanayoruhusiwa kuingiza timu mbili katika kila shindano. Tanzania walipanda kwa sababu timu zao zilianza kuyafikia makundi, wakapata nafasi nne. Sisi Kenya tunaingiza bingwa mmoja, na bingwa huyo akikwaa kisiki Septemba, nchi nzima inasubiri mwaka mwingine.

Fedha nazo ni hivyohivyo. Kwa viwango vya kuanzia msimu wa 2022/23, kufika tu makundi ya Ligi ya Mabingwa kulikuwa na uhakika wa dola 700,000 za Marekani hata ukishika mkia. Kwa hatua za awali CAF ilianza kutoa dola 50,000 kwa kila klabu kuanzia msimu wa 2023/24, jambo la kushukuru, ingawa ukiwa na safari mbili za ugenini zenye watu zaidi ya thelathini kila moja, fedha hizo hazikuwa zikikaa mfukoni. Bao moja la ugenini, kwa lugha ya mhasibu wa klabu, lilikuwa linaweza kuwa na thamani ya dola 700,000.

Mkaa_Benchi

Shikamoo Mzee_wa_Mzunguko, na nawashukuru wengine wote. Ndugu Kocha, nimekuelewa kuhusu Galaxy na nimeihamisha mechi ile kwenye ukurasa wake. Mwenzangu wa kazini nimemsomea maelezo ya Kanuni_Kwanza kuhusu muda wa nyongeza. Amekaa kimya kidogo, kisha akaleta swali ambalo nami limenishinda.

Anasema: zipo timu ambazo viwanja vya nchi zao havijaidhinishwa na CAF, zikalazimika kuutumia uwanja wa mpinzani kama uwanja wao wa nyumbani. Zalan ya Sudan Kusini mwaka 2022 ilicheza na Yanga mikondo yote miwili Dar es Salaam, na ASAS ya Djibouti mwaka uliofuata vilevile. Mabao hayakuwa haba kiasi cha kuhitaji kanuni, lakini kama yangekuwa haba, je, bao la ugenini lingehesabiwaje wakati hakuna aliyekwenda ugenini?

Kanuni_Kwanza

Swali zuri, na jibu lake ni fupi: kinachohesabiwa ni jina la mwenyeji katika ratiba. Zalan walipoandikwa wenyeji, mabao manne ya Yanga siku hiyo yalikuwa mabao ya ugenini kwa mujibu wa kanuni, hata kama Yanga walitoka kwenye kambi yao wakafika uwanjani kwa basi lao la kila siku. Ndiyo maana klabu inayokubali kuchezea mikondo yote miwili kwa mpinzani inapoteza mara mbili. Inawakosa mashabiki wake, na papo hapo inampa mpinzani nafasi ya kufunga mabao yenye uzito wa ugenini akiwa kwenye nyasi zake mwenyewe.

Mwenzako akitaka mfano ambapo jambo hili liliamua mshindi, mpe nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya mwaka 2003, wakati kanuni ilipokuwa bado inatumika huko. AC Milan na Inter wanatumia uwanja mmoja. Mkondo wa kwanza Milan waliandikwa wenyeji ukaisha 0-0, wa pili Inter wakaandikwa wenyeji ukaisha 1-1, Milan wakaenda fainali. Ni matokeo yaleyale ya Simba na Songo, namba kwa namba. Inter walipata suluhu yao "ugenini", wakamalizia "nyumbani", wakatolewa bila kufungwa mchezo na bila kutoka nje ya uwanja wao.

Mkaa_Benchi

Hilo nimelipa ukurasa wa peke yake. Yeye sasa anataka kujua kama siku ile Inter nao waliambiwa kazi iliyobaki ni ndogo.